Mkwe Nyuma ya Jani la Mgomba

Vilimani, njia ya kwenda Amani

...na kweli, dada, lile si gari, kama ulivyosema mlangoni siku tunaondoka, huku unacheka na kufuta machozi kwa upindo wa kanga. Nilikununia kidogo, maana Salehe alikuwa amelipaka rangi ya kijani upya kwa ajili yangu, nikaona umemdharau. Sasa nakuandikia nimekalia gurudumu lake la akiba, uani kwa wakwe zangu, na kuku wamelala kwenye kiti cha dereva. Cheka tena, sitanuna.

Hujambo lakini, dada yangu Mwanahawa? Mama miguu yake imepungua kuvimba? Shemeji kikohozi kimemwacha? Watoto wako wote wanakula vizuri? Mimi mwili wangu ni mzima, sina hata mafua. Bali mume wangu yuko ng'ambo ya mto, mgonjwa, amechukuliwa na watu juzi, nami niko upande huu, na hakuna mtu aliyerudi kuniambia kama yu hai. Mto haupitiki. Ndiyo sababu naandika. Nisipoandika nitakuwa natazama njia tu. Ukimsomea mama, hili la homa mwambie polepole, na pale nitakapomsifu Salehe uruke, maana mama ataona fungate imeniondolea haya yote.

Nianze na raha, nipate nguvu ya kusema mengine.

Dada, sikujua kama safari ya kulowa inaweza kuwa tamu. Tulipotoka Pangani mvua ilikuwa ya manyunyu. Salehe alisema tupite Tanga kwanza, barabara ya mkato imejaa tope jeusi, na alitaka kuninunulia kitu. Kitu chenyewe ni kanga, nimejifunga sasa hivi. Aliichagua mwenyewe, akasimama mbele ya Mhindi mwenye duka akizigeuza moja moja kama mwanamke, wala hakuona aibu. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama shingo yake tu. Ruka hapa.

Somo yangu Bi Kidawa ndiye aliyekaa nyuma, juu ya sanduku langu la nguo, maana mwali hafiki kwa mumewe bila somo, hata kama hakuna pa kumkalisha. Turubai la gari lina matundu. Tulipopita mashamba ya mkonge mvua ikashika kweli kweli, na Bi Kidawa akafungua mwavuli wake humo humo garini.

"Bwana harusi," akasema, "nyumba inayovuja nimelala nyingi. Gari linalovuja ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Vumilia, Bi Kidawa. Tukifika Muheza nitaziba."

"Na huyu mwali wangu, akilowa?"

"Huyo alowe tu, nitamwanika."

Bi Kidawa akampiga na ncha ya mwavuli begani, nami nikainamisha uso nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ruka na hapo.

Unajua gari hili wenye mashamba ya mkonge walilitupa. Lilikuwa limekaa nyuma ya kiwanda, majani yameota ndani, na Salehe akalichukua akalifufua chuma kwa chuma, jioni akitoka kazini. Mlango wangu umefungwa kwa kamba ya usumba. Halina stata, linawashwa kwa hendeli, mtu asimame mbele aizungushe kama anasaga mahindi. Na ile fimbo ya kufutia kioo haitembei yenyewe. Ina kijiti kwa ndani, mtu akizungushe kwa mkono, kushoto kulia, kushoto kulia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Tulipokwama, Salehe alishuka akapapasa boneti akasema, "Haya mama, haya mama yangu," nalo likatoka.

"Umesikia?" Bi Kidawa akaninong'oneza. "Wewe anakuita Zuhura, yule anamwita mama. Huyo ndiye mke mkubwa. Nenda naye kwa adabu."

Basi tulikwenda hivyo. Penye maji Salehe alishuka akatembea mbele na kijiti, akipima kina, suruali imekunjwa mapajani, kisha akarudi akaniambia, "Tunapita." Nami niliamini. Angeniambia tunapita juu ya bahari ningezungusha kijiti changu.

Muheza tulinunua machungwa. Alinimenyea moja kwa kisu chake, ganda likashuka refu bila kukatika, akaniwekea mkononi. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Dada, nilidhani ni mapenzi. Niwie radhi, mimi ni mwali. Mkono wa mume ukiwa wa moto, nitajuaje kama ni homa? Nikaushika, nikaubana, nikafurahi. Macho yake yalikuwa mekundu nikadhani ni vumbi, na vumbi halipo masika. Alipokataa kula, Bi Kidawa akamuuliza, "Unajisikiaje, mwanangu?" Akajibu, "Nimechoka tu. Tukimbie kabla mto haujajaa." Alijua, yule. Alikuwa na homa tangu Tanga, akanificha nisiharibikiwe na safari.

Sasa nafika kwenye tabu.

Ukitoka Muheza nchi inaanza kupanda. Udongo wake ni mwekundu, ukilowa una utelezi wa mlenda. Kushoto kuna bonde, kulia kuna ukingo wa mlima, na maji yanashuka katikati ya njia kama yenyewe ndiyo yenye njia. Salehe alishika usukani kwa mikono miwili. Mimi nilizungusha kijiti. Tukapinda kona, gari likateleza taratibu, taratibu mno, nikaona ukingo unatujia kama mtu anayekuja kutupa mkono, na pua ya gari ikazama mtaroni. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Alishuka na hendeli. Akazungusha. Akazungusha tena. Nilikuwa namtazama kupitia kile kipande cha kioo nilichokifuta, nikaona meno yake yanagongana. Kisha sikumwona. Nilidhani ameinama kutazama kitu chini ya gari, nikangoja ainuke. Bi Kidawa ndiye aliyeshuka kwanza.

Tulimwingiza nyuma sisi wanawake wawili, sijui kwa nguvu gani. Tukamfunika kwa kila nguo iliyokuwa kavu, na nguo kavu zilikuwa chache. Alikuwa anaungua. Alinishika hapa penye kiwiko asiniachie, akawa anasema na gari, anasema na watu wa kazini, kisha akasema, "Zuhura, futa kioo. Futa kioo, sioni." Gari limekufa mtaroni, dada. Nikanyoosha mkono mwingine nikakizungusha kile kijiti, kushoto kulia. Akatulia. Nikiacha anaanza tena. Sikuwa na jambo jingine la kumfanyia duniani.

Kuna wakati Bi Kidawa alinipokea, nikashuka kujaribu hendeli. Haikugeuka hata nusu. Nikasukuma gari kwa bega. Gari zima, na mimi. Nikasimama njiani nikaita watu, na mvua ikanijibu. Nilisoma miaka mingi, mama aliuza minazi nisome, na siku ile nilikuwa sawa na lile sanduku langu la nguo.

Niliporudi garini, wakaja watu. Walikuwa wanaume wanatoka mashambani, wako watano au sita, majembe mabegani, wamejifunika majani ya migomba vichwani. Mbele yao mzee mwembamba, mrefu. Kijana mmoja, ndiye huyu Mhina anayekaa jirani hapa, akachungulia ndani akasema, "Huyu si Salehe?" Kisha akageuka: "Mzee, njoo. Ni mwanao."

Dada, fikiri furaha yangu. Hatukupanga kupita kwa baba yake safari hii. Tulikuwa twende moja kwa moja kwetu Amani, tuje kwa wakwe baadaye kwa heshima yake, na vyakula, na watu wa kutupokea. Na siku ya ndoa yeye alikuwa nje na wanaume, mimi ndani, hatukuonana. Sasa Mungu kamleta barabarani. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimelelewa. Niliutoa mkono wa Salehe kwenye kiwiko changu, nikaruka chini, nikamkimbilia, nikapiga magoti kwenye tope, nikamshika mkono kuubusu. "Shikamoo, baba."

Alivuta mkono kama ameshika kaa la moto. Hakuitika. Akageuka, akaruka mtaro, akaingia migombani, na wale wengine wote wakasimama wima, majembe chini, wanatazama pengine.

Bi Kidawa akatoa kichwa. "Vipi, ana wazimu huyo?"

Mhina alikuwa anajikuna shingo. "Mama, si wazimu. Mkwe hatazamwi. Huyu ni mke wa mwanawe, hawajafunguliana. Hawasemi, hawagusani, hata njia hawapiti moja, mpaka mzee ampe kitu kwa mkono wake."

"Basi ampe."

"Apewe nini hapa njiani, mama? Na kitu chenyewe hakitolewi kama mtoto yuko mahututi. Ni mkosi. Hutolewa nyumba ikiwa na furaha."

Sasa sauti ikatoka migombani: "Mhina. Muulize huyo mgeni, mtoto ana homa tangu lini?"

"Tangu Tanga, baba," nikapaza sauti. "Alinificha."

"Usimjibu yeye," Mhina akasema, "nijibu mimi."

"Lakini amesikia."

"Amesikia, ndiyo. Lakini hujamwambia."

Nikamwambia Mhina. Mhina, ambaye amesimama hapo hapo, akapeleka maneno yale yale migombani. Sauti ikauliza kama amekunywa dawa. Mhina akaniuliza. Nikasema hapana. Mhina akapeleka. Bi Kidawa akashindwa kuvumilia: "Mwambie na huyo mzee wa migombani kwamba mimi si mkwe wa mtu, naweza kusema naye mwenyewe. Aje amtazame mwanawe, anaungua."

"Mwambie huyo mama mtu mzima," migomba ikajibu, "amtoe mwali hapo garini, nije."

Ni haki. Nilikuwa nimesharudi garini, Salehe kanishika tena. Nikajaribu kutoka. Akaanza: "Zuhura, futa kioo." Nikimtoa vidole anapiga kelele kama mtoto, na kila akipiga kelele naona migomba inatikisika pale alipo baba yake. Mimi siwezi kutoka, yeye hawezi kuja. Mvua inanyesha katikati yetu. Nilimsikia yule mzee akipumua, dada, kwa jinsi alivyokuwa karibu.

Kisha nikasikia panga likikata. Akatoka. Alikuwa amekata jani zima la mgomba, kubwa kuliko mlango, amelishika upande wa uso ulionielekea, anakuja kwa ubavu ubavu kama kaa wa pwani. Mhina alikuwa anamwongoza: "Kushoto, mzee. Kuna shimo." Siku nyingine ningekufa kwa kucheka. Akafika, akaingiza mkono chini ya jani, akamwekea mwanawe kwenye paji la uso. Jani lilikuwa baina yetu, maji yanatiririka kutoka kwenye jani yananidondokea magotini. Akasema maneno ya kikwao, laini, na Salehe akafumbua macho akasema, "Baba." Neno la kwanza la akili tangu aanguke.

"Mhina," akasema kwa upande ule wa jani, "waambie wakate fito. Machela. Gari waliache."

Daraja lilikuwa limefunikwa na maji, lakini juu huko mtoni kuna gogo lililoanguka, watu wa mlimani hupita. Ng'ambo kuna njia ya miguu ya kupanda hospitali. Nikasema nakwenda. Mhina akaniambia wabebaji wenyewe watapita wanatambaa. "Ukiteleza, dada, atafutwe nani kwanza, wewe au yeye?" Mimi mwenyewe nikamtoa vidole vyake kwenye mkono wangu, kimoja kimoja. Hakupiga kelele tena, hakuwa na nguvu. Wakamfunika kwa kanga yangu ya harusi niliyotoka nayo nyumbani na juu yake majani ya migomba, wakaondoka mbio, baba yake mbele, na mimi nikasimama mpaka mvua ikawafuta. Mhina alibaki, akatuleta hapa kwa mama mkwe.

Gari walilivuta jana kwa kamba, wanaume kumi kama ng'ombe, wakalileta hapa uani. Limekaa tu. Nimelifuta kioo, usinicheke.

Mama mkwe ni mtu mwema, nami nasema naye bila taabu; katazo ni la baba. Ananilisha mihogo na samaki wakavu na kunitazama nisiache. Anapotaka kunichangamsha ananiambia, "Mzee wangu nyuki hawamkimbizi, umemkimbiza wewe na shikamoo yako." Bi Kidawa anamwambia huko kwetu anayekimbia salamu ni mwenye deni. Wanacheka, kisha wote wawili wanakumbuka, na tunausikia mto. Toka hapa unasikika mchana kutwa. Mtu hawezi kuuomba, hawezi kuugombeza. Dada, ni mume wa siku chache tu, hata sijajua anapenda chai yake na sukari kiasi gani, na Mungu anajua sitaki mwingine.

Naweka kalamu, kuna mtu anashuka mlimani.

*

Nimerudi.

Ni baba mkwe. Alikuja peke yake, amelowa, miguu imechanika kwa miiba. Mimi nilikuwa hapa kwenye gurudumu. Uso wake nilitaka kuusoma, akaugeuzia ukutani, akapita. Mama mkwe alikuwa kisimani. Bi Kidawa kalala. Hakuna Mhina. Habari ya mume wangu iko kwenye kinywa cha mtu yule, hatua chache kutoka kwangu, na siwezi kumuuliza, na yeye hawezi kusema. Akazunguka nyumba. Nikasema moyoni, basi, amekwenda kulia kule nyuma ili nisimwone.

Kisha nikasikia kuku wakipiga kelele, na mtu mzima anakimbia kimbia, anajikwaa, anatukana kwa kikwao. Kuku wa garini wakaruka wote. Mzee akatokea pembeni mwa nyumba, bila jani, bila kitu usoni, amemshika kuku jike mweupe miguu, anahema, amenitazama sawasawa machoni. Ana macho ya Salehe, dada. Akanyoosha mkono.

Nilijua kabla hajafungua kinywa. Kitu hakitolewi nyumba yenye mahututi. Nilimpokea yule kuku nikaanguka naye chini, nikalia kwa sauti mbele ya mkwe, na yeye akachuchumaa akasema, kwa mara ya kwanza, na mimi:

"Marahaba, mwanangu. Amekunywa uji leo asubuhi. Amemaliza kikombe, akauliza kama umefuta kioo."

Hiyo ndiyo habari. Homa imeshuka, hajaweza kusimama, daktari hamruhusu kutoka, na mto bado haupitiki kwa mwanamke wala kwa gari. Nitangoja. Baba anasema nisikaribie lile gogo, na sasa akisema na mimi naona bora ningekuwa sisikii, maana mkwe huwezi kubishana naye. Kuku nimemfunga kwenye mguu wa kitanda.

Mhina anakwenda Muheza kesho na kahawa, atachukua barua hii. Nisalimie mama, umwambie nambusu mikono na asilie, amwombee mkwewe. Msalimie shemeji, na bibi mzaa baba, mwambie somo aliyenichagulia ananilinda. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni, na jirani yetu mshonaji, gauni lake limelowa lakini halikuchuja. Bi Kidawa anakusalimu na anasema safari ijayo atapanda treni. Watoto waambie mama yao mdogo ana kuku.

Na mama akiuliza lini, usimwambie "Inshallah" ile ya kumtuliza. Mwambie mto ukishuka tu na mume wangu akiweza kushika usukani, au kama hawezi, kwa basi, au kwa miguu nikimshika mkono. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwenu, mimi na Salehe, tukibisha hodi.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura